Bi harusi, umeuliza michango yako?



Wiki iliyopita nilikuwa Ng'ambo nikimtia hina mwari mmoja. Kakaa mikono kainyoosha, shangazi zake wamemzunguka wanahesabu mahari, sanduku, ukumbi, mabiriani sufuria ngapi. Mara yeye akanambia taratibu: "Bibi, mimi nakatwa ZSSF mwaka wa nne huu. Nimekwenda kuuliza, michango yangu iliyopelekwa ni ya miezi saba tu."

Anafanya kazi hoteli moja ya pwani, jina sitaji. Karatasi ya mshahara kila mwezi inaonesha amekatwa. Chumba kikanyamaza, kisha mama mmoja akasema, "Hayo mwanangu baada ya harusi."

Hapo nikaudhika, na nikasema. Baada ya harusi ndiyo inakuja mimba, inshaallah. ZSSF ina fao la uzazi, lakini ni la mwenye michango. Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 inampa mfanyakazi likizo ya uzazi yenye malipo. Sasa hayo si mambo ya mwari kuliko rangi ya mapazia?

Na sisi tusiokuwa na karatasi ya mshahara je? Mimi na piko langu, mpika mandazi, mama wa mwani wa Paje na Jambiani. Watu hudhani hatulipi kodi. Tunalipa, imo ndani ya sabuni, ndani ya vocha ya simu. Matibabu ndiyo tunayoyatafuta kwa mkopo na kwa pete za harusi.

Mwaka 2023 ulianza Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ukatangulia na watumishi wa serikali. Wazee wetu wamezoea matibabu bure tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa hiyo neno kuchangia linawachoma wengi. Mimi halinichomi. Linalonichoma ni kupangiwa bila ya kuulizwa. Mama wa mwani hana mwisho wa mwezi. Anashuka pwani kwa bamvua, anauza pale mnunuzi anapokuja na kwa bei aliyokuja nayo. Ukimwambia alipe kila tarehe moja, umemtoa mfukoni kabla hajaingia. Mwambie alipe akiuza, atalipa. Jambo hili aliyekaa ofisini mjini atalijuaje, kama hakuna mwanamke wa Jambiani aliyesimama akamwambia?

Wapo wanaosema mwanamke kusimama mbele za watu ni kukosa haya. Basi wasome khabari za Khawla bint Tha'laba, radhi za Allah ziwe juu yake. Alikwenda kwa Mtume s.a.w. kushitakia mumewe aliyemfananisha na mgongo wa mama yake, akajadiliana naye wala hakufukuzwa, na ndipo ikashuka Surat Al-Mujadila. Shauri la nyumbani kwake likawa hukumu ya umma mzima. Na bibi zetu hapa hapa, uchaguzi wa 1957 hawakupiga kura, wa 1961 wakapiga, wengine na mabuibui yao.

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai, na bajeti husomwa Chukwani kabla yake. Ukisubiri isomwe redioni ndiyo ulalamike jikoni, umechelewa. Sheha unamjua nyumba yake, mkiitwa mkutano wa shehia nenda, hata kama umevaa kanga ya kupikia. Mwakilishi wako alikuja na fulana na kofia wakati wa kampeni, basi na wewe mfuate na swali lako. Nendeni watatu au wanne, mmoja peke yake huambiwa ana kelele. (Waume zenu waambieni mapema, wengine huona tabu kuyasikia kwa jirani.)

Yule mwari nimemuuliza karatasi zake za mshahara zi wapi. Kumbe anazo zote, kazikunja ndani ya sanduku la harusi, chini ya doti za kanga, zinanukia udi. Nikaah ni Ijumaa. Jumatano asubuhi tunakwenda naye Kamisheni ya Kazi, mimi na yule shangazi yake aliyemwambia asubiri. Hina itakuwa imeshakolea.