Acheni kutuuzia nasibu feki

Leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Wiki iliyopita niliombwa nikague programu ya chama kimoja hapa kwetu Tononoka. Wanachama wanaweka akiba na kukopa humo, na ukisahau nywila unatumiwa nambari ya siri ya tarakimu 6 kwa SMS. Sura yake safi kabisa. Nikafungua msimbo wa PHP, nikakuta mistari miwili: mt_srand(time()), halafu mt_rand(100000, 999999).

Kwa asiyejua: mstari wa kwanza unachukua saa ya seva, kwa sekunde, na kuifanya mbegu. Mbegu moja huzaa nambari ile ile kila mara. Sasa mwizi akiandika simu ya mama yako na kubonyeza "nimesahau nywila", sekunde anaijua, maana aliyebonyeza ni yeye! Nambari 900,000 zinageuka kuwa tatu au nne za kujaribu. Akiba ya mwaka mzima, kwaheri.

Kijana aliyeandika simlaumu. Nailaumu lugha.

Mfumo wa uendeshaji unayo nasibu ya kuaminika. Linux hukusanya vurugu za maunzi, kama vile nyakati za vibonye, diski na vifaa vingine, ikazikoroga mpaka asiwepo wa kukisia. Huduma hiyo ipo tangu miaka ya 1990. Lakini PHP ilingoja hadi Desemba 2015, toleo la 7.0, ndipo ikatupa random_int. Python ilikuwa na os.urandom tangu 2004, jina ambalo mwanafunzi hawezi kulibahatisha; moduli ya secrets ikaja Desemba 2016. Muda wote huo jina tamu, random, liliongoza watu kwenye Mersenne Twister, ambayo ukishaona matokeo yake 624 ya biti 32 unaweza kukokotoa yote yanayofuata.

Tena msidhani wanaoteleza ni wanafunzi tu. Kati ya 2006 na 2008, mabadiliko madogo kwenye OpenSSL ya Debian yaliiacha nasibu ikitegemea nambari ya mchakato peke yake. Kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo zikabaki funguo zisizozidi 32,768. Hao walikuwa mafundi haswa.

Watetezi watasema nasibu ya mfumo ni ya polepole. Kwa kutengeneza nambari moja ya SMS? Watasema pia watafiti wanahitaji kurudia jaribio kwa mbegu ile ile. Kweli, wapewe, ila kwa jina refu linaloonya. Jina fupi liende moja kwa moja kwa mfumo wa uendeshaji, na mfumo ukikosa nasibu, programu igome kwa sauti. Swift ilifanya hivyo na jina fupi katika toleo la 4.2 mwaka 2018, na watu hawakufa.

Komeo la mlango halipaswi kuwa kitu cha kuagiza zaidi wakati nyumba tayari umeshalipia.

Chama kile tulikiponya kwa kufuta mstari mmoja na kubadilisha wa pili kuwa random_int(100000, 999999). Dakika mbili. Sasa fungua msimbo wako, utafute mt_rand na Math.random. Ukizikuta karibu na pesa au nywila, usilale nazo.