Jeraha la Njia ya Choo: Tusicheke, Tusifiche



Leo ukurasa huu unasema habari ambayo watu hawapendi kuisema mbele ya wageni. Mutuvumilie. Kila mara tunasema habari ya kasike, ya miwani, ya viatu vya kazi na ya mavumbi. Mtu akikatika kidole, ekipi yote inakimbia kumsaidia. Lakini kuna jeraha moja ambalo likimpata mtu, wenzake wanacheka. Naye anacheka pamoja nao ili asionekane mjinga, kisha anakwenda nyumbani kujificha. Ni jeraha la njia ya haja kubwa. Mimi nasema wazi: kicheko kile kina hatia sawasawa na chuma kilichomchoma.

Nilifanya kazi ya uuguzi miaka mingi katika hospitali ya kambi moja. Fundi mmoja aliteleza kwenye ngazi, akaanguka, akaketi juu ya ncha ya chuma kilichosimama. Suruali ilitoboka kidogo tu, na damu ilikuwa matone machache. Wenzake walisema: "Leo umepigwa sindano!" Hakwenda dispanseri. Nyumbani alimwambia bibi yake kwamba mgongo unamuuma. Usiku tumbo likaanza kukaza. Bibi, mwanamke mwema, alifikiri choo kimefunga. Akamtia lavema ya majani, kama mama yake alivyomfundisha.

Siku ya tatu walimleta juu ya baiskeli, ana homa, tumbo gumu kama ubao. Munganga akamwuliza: "Ulianguka?" Akajibu: "Hapana." Ni bibi aliyekwenda nyumbani kuleta suruali. Alikuwa ameifua, lakini tundu lilibaki. Usiku ule ule wanganga walimpasua. Alikufa siku ya sita. Kisha bibi yule aliniuliza: "Ni lavema yangu iliyomwua?" Siku ile sikupata neno la kumjibu.

NI MAHALI GANI?

Utumbo mpana unaishia kwa sehemu inayoitwa rektumu. Urefu wake ni kama sentimeta 12 mpaka 15. Iko ndani ya mifupa ya nyonga, mbele ya mfupa wa mwisho wa mgongo. Ndipo choo kinapongoja kabla ya kutoka. Kwa mwanaume, mbele yake kuna kibofu cha mkojo. Kwa mwanamke kuna njia ya uzazi. Kwa hiyo chuma kikiingia pale, mara nyingine kinaumiza vitu viwili pamoja.

Choo kimejaa mikrobe. Zikiwa ndani ya utumbo hazituumizi. Lakini utumbo ukitoboka, zinatoka na kuenea. Sehemu ya juu ya rektumu imefunikwa na ngozi nyembamba ya tumbo. Ikitoboka pale, tumbo lote linaoza kwa muda mfupi. Sehemu ya chini iko nje ya ngozi ile. Ikitoboka huko, uchafu unaingia katika nyama za nyonga, na tumbo linaweza kubaki laini siku nzima. Ndiyo maana mtu anasema "nimepona", kumbe ugonjwa unatembea ndani kimya kimya.

INATOKEA NAMNA GANI?

Kwanza, kuanguka. Mtu anateleza kutoka ngazi, kamio au jukwaa, anaketi juu ya chuma, mti au mpini wa sururu. Tundu la nje ni dogo, lakini njia ya ndani inaweza kuwa ndefu.

Pili, kubanwa. Wagoni inamkaza mtu kwenye ukuta, ama jiwe linamwangukia. Mifupa ya nyonga inavunjika, na ncha ya mfupa inatoboa rektumu au mshipa wa mkojo. Hatari hii iko kwa wafanyakazi wa kampani na kwa ndugu zetu wachimbaji wa mikono.

Tatu, na hapa nakasirika: mchezo wa tiyo ya hewa. Katika atelye mtu anasafisha nguo kwa hewa ya kompreseri, kisha anamwelekezea rafiki yake matakoni "kwa kucheka". Ndugu, tiyo ile ina nguvu ya bari 6 au 7. Utumbo wa mtu hauvumilii hata bari 1. Hewa inapita katika suruali, bila tiyo kugusa mwili, na sekunde moja au mbili zinatosha. Tumbo linavimba kama ngoma, utumbo unapasuka, pumzi inakatika. Watu wamekufa kwa mchezo huu katika inchi nyingi zenye viwanda. Kwa mawazo yangu, shefu anayeona mchezo huu na kucheka hafai kuongoza watu. Aukomeshe kwa adhabu, siku ile ile.

Nne, nyumbani. Mama zetu wengi wanatia watoto lavema kwa pilipili, mizizi au sabuni. Ncha ngumu ya lavema inaweza kutoboa rektumu ya mtoto, kwa maana ni nyembamba sana. Na dawa kali inachoma ngozi ya ndani. Mtoto anayelia tumbo, apelekwe kwa munganga kwanza.

Tano, ubaya wa watu. Mtu anaweza kuumizwa pale kwa nguvu, awe mwanamke, mwanaume au mtoto. Mashariki ya inchi yetu, huko Bukavu, munganga Denis Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999. Pale wanganga wamewatunza wanawake wengi walioumizwa vitani, pamoja na wale waliopasuliwa kati ya njia ya uzazi na rektumu. Mwaka 2018 alipewa zawadi ya Nobel ya amani. Lakini kazi yake isingewezekana kama wanawake wale wangenyamaza. Walisema. Haya ni ya yule aliyetenda ubaya. Aliyetendewa hana haya yoyote. Aliyeumizwa hivi afike hospitali mbio, kabla ya masaa 72 kupita, kwa maana iko dawa ya kuzuia virusi vya SIDA, na baada ya masaa hayo haisaidii tena.

MUNGANGA ANATAFUTA NINI?

Wengi wanaogopa hospitali kwa sababu hawajui watafanyiwa nini. Basi mujue.

Munganga anauliza kwanza: ulianguka wapi, juu ya kitu gani, saa ngapi? Hapa bongo inaua. Ukisema kweli, umekwisha kumpa nusu ya kazi. Halafu anagusa tumbo, anatazama nyonga na matako. Kisha anavaa glovu na kutia kidole taratibu katika mlango wa choo. Ni dakika moja. Damu ikionekana kwenye glovu, ni alama kubwa. Lakini hata glovu ikitoka safi, hawezi kusema bado kwamba hakuna jeraha.

Kwa hiyo anaweza kutazama ndani kwa chombo chenye taa. Anaweza kupiga picha ya radio ukiwa umesimama, apate kuona kama kuna hewa iliyotoka ndani ya utumbo. Penye skaneri, atakupeleka huko. Damu ikionekana kwenye njia ya mkojo, atachunguza kwanza njia ile kabla ya kutia sonda. Kwa mwanamke anatazama vilevile njia ya uzazi. Yote haya si kumvunjia mtu heshima. Ni kutafuta tundu kabla tundu halijamwua mtu.

DAWA YAKE

Jeraha dogo la juujuu linaweza kupona kwa kulitunza na kulilinda. Tundu lenyewe linataka mkono wa munganga wa kupasua. Mgonjwa anapewa maji katika mshipa, dawa kali za kuua mikrobe, na sindano ya tetanosi. Likiwa sehemu ya juu, wanafungua tumbo, wanaosha na kushona. Likiwa sehemu ya chini, mara nyingi wanageuza njia ya choo: wanatoa utumbo nje kwa tumbo, choo kinaanguka katika mfuko, na rektumu inapumzika mpaka ipone.

Njia hii ilijifunzwa kwa damu ya askari. Katika vita ya kwanza ya dunia (1914-1918), wengi waliopigwa risasi utumboni walikufa. Mwaka 1943, katika vita ya pili, jeshi la Uingereza lilitoa amri kwamba askari aliyetobolewa utumbo mpana atolewe utumbo nje. Amri hiyo, pamoja na kupasua mapema, kutia damu na dawa mpya, iliokoa watu. Leo wanganga wanachagua: si kila jeraha linalohitaji mfuko. Lakini aliyechelewa anapunguza machaguo yake mwenyewe.

Sasa neno kwa jamaa. Mara nyingi mfuko ule si wa maisha. Jeraha likipona, kwa kawaida baada ya miezi miwili au mitatu, munganga anarudisha utumbo mahali pake. Wakati ule mtu anaweza kula, kutembea, kusali na watu, kulala na bibi yake. Asitengwe. Bibi asiambiwe na majirani kwamba mume wake "amekwisha". Watoto wasikatazwe kuketi karibu naye. Mtu aliyepona chuma asiuawe kwa maneno.

KAMA IMETOKEA

1. Mulaze majeruhi. Asitembee kwenda nyumbani.

2. Kitu kikibaki mwilini, musikivute. Kikatwe kwa nje, aende nacho hospitali. Mara nyingine kitu kile ndicho kinachozuia damu.

3. Nyonga ikiwa imebanwa, musimgeuzegeuze. Mumfunge shuka kuzunguka nyonga, mumbebe juu ya ubao au machela.

4. Asinywe pombe, asile, asinywe dawa ya kuharisha.

5. Lavema, hapana kabisa. Maji yale yanasukuma uchafu kupitia tundu.

6. Mufunike jeraha kwa kitambaa safi, muandike saa, muende hospitali yenye munganga wa kupasua.

7. Ajali itangazwe kwa shefu siku ile ile. Isiyoandikwa, ni vigumu baadaye kuonyesha kwamba ilitoka kazini, na jamaa ndio wanaopata hasara.

Alama za hatari ni hizi: damu katika choo, maumivu chini ya tumbo, tumbo kuvimba au kukaza, homa, mkojo kukataa kutoka au kutoka na damu. Lakini aliyeketi juu ya chuma asingoje alama. Aende mbio.

TUNAOMBA NINI?

Kwa dispanseri: mgonjwa wa jeraha hili aulizwe katika chumba chenye mlango, wala si mbele ya watu walio katika mstari. Siri yake ikae pale pale. Habari ikitoka hospitali na kufika sokoni, mwingine atakayeumia kesho atakaa nyumbani, na sisi wauguzi ndio tutakuwa tumemfungia mlango.

Kwa mashefu: chuma kilichosimama wima chini ya ngazi kiondolewe ama kifunikwe. Tiyo ya hewa si kitu cha kuchezea.

Kwa wafanyakazi: rafiki akianguka, mtu mmoja ajizuie kucheka na kusema, "Twende kwa munganga, nitakusindikiza." Mtu mmoja tu anatosha. Fundi yule alikuwa na wenzake wengi siku ile, na hakuna hata mmoja aliyesema hivyo.

Kwa wababa: mwambie bibi yako kweli. Yeye ndiye anayekutazama usiku. Ukimdanganya, unaufunga mkono ambao ungekuokoa.

Na wewe mama uliyeniuliza habari ya lavema, kama ukurasa huu unakufikia, hili ndilo jibu langu. Lavema haikumsaidia, hilo ni kweli. Lakini tundu lilikuwa tayari, na saa zilikuwa zinapita tangu mchana, wakati watu walipokuwa wakicheka. Wewe ulimtunza mgonjwa wa mgongo, kwa sababu ndivyo ulivyoambiwa. Suruali ile uliyoileta ndiyo iliyosema kweli, na ni wewe uliyeileta. Hauna hatia. Sisi tulionyamaza na tuliocheka ndio tunaopaswa kubadilika.