Kabla hujagawa aspirini, uliza

Wadau, hapa hosteli kichwa kikiuma tu, jirani keshakurushia kidonge. Upendo huo sawa, ila mi nasema tuulize kwanza: una pumu? Una nyama za puani?

Maana wapo watu wazima wenye vyote viwili ambao aspirini kwao ni balaa. Ndani ya nusu saa hadi saa tatu pua inaziba, kifua kinabana, wengine wanakimbizwa hospitali. Max Samter na Beers waliieleza kwa kirefu mwaka 1968, ingawa Mfaransa Widal na wenzake walishaiandika tangu 1922. Na si aspirini peke yake jamani! Ibuprofeni na diklofenaki (hii tunayomeza kama karanga baada ya mpira) ni yaleyale. Parasetamoli kwa dozi ya kawaida wengi wao huivumilia.

Halafu mtu anaweza kumeza miaka yote bila shida, ukubwani mwili ukageuka. Kwa hiyo "mbona siku zote natumia" si jibu. Muuza duka la dawa naye aulize, hata foleni ikiwa ndefu.