Bingwa wa upondo hatokani na damu peke yake

Naandika kutoka Maplewood, mji ulio ubavuni mwa Saint Paul, Minnesota, unaojulikana zaidi kwa makao makuu ya kampuni ya 3M. Jamaa zangu walioko Maskati na Dubai wananiuliza swali moja: huyu Armand Duplantis wa Uswidi anakula nini? Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, aliruka mita 6.30. Ilikuwa mara yake ya 14 kuvunja rekodi ya dunia, na kila mara aliongeza sentimita moja tu.

Mimi nasema tuache chakula, tutazame uani kwao.

Kwanza tuelewane. Upondo huu si ule wa kusukumia mtumbwi, ingawa kazi zao zinafanana: unaegemeza chini, unajisukuma. Huu ni wa faiba, una urefu wa kama mita tano, unapinda kama upinde kisha unamrusha mtu juu ya ufito. Huchaguliwa kwa uzito wa mrukaji, kwa hiyo mtoto akikua lazima abadilishiwe. Na chini panatakiwa godoro kubwa, nene. Bila godoro huo si mchezo tena, ni safari ya hospitali.

Duplantis alizaliwa mwaka 1999, akakulia Lafayette, Louisiana. Baba yake, Greg, ni Mmarekani aliyewahi kuruka mita 5.80. Mama yake, Helena, ni Mswidi aliyecheza riadha na voliboli. Nyuma ya nyumba wakaweka njia ya kukimbilia na godoro, mtoto akaanza kuruka akiwa mdogo kabisa. Baba akashika ufundi, mama akashika mazoezi ya mwili. Ulipofika wakati wa kuchagua bendera, kijana akachagua nchi ya mama.

Matunda yalikuja taratibu. Mwaka 2018, akiwa na miaka 18, alikuwa bingwa wa Ulaya mjini Berlin kwa mita 6.05. Mwaka 2019 akaja huko kwenu Ghuba, mashindano ya dunia ya Doha, akapata fedha: yeye na Sam Kendricks wa Marekani waliruka mita 5.97 sawasawa, wakatenganishwa kwa idadi ya makosa. Baada ya hapo ndipo zikaja dhahabu za Olimpiki, Tokyo na Paris.

Sisi tuna mazoea ya kusema kipaji ni damu. Mkenya ana damu ya mbio, basi, yamekwisha. Lakini hadi Olimpiki ya Paris 2024 hakuna Mwafrika aliyewahi kupata medali ya Olimpiki kwa upondo. Okkert Brits wa Afrika Kusini aliruka mita 6.03 mwaka 1995, akapata fedha ya dunia mwaka 2003. Je, bara zima halina watoto wenye miguu na moyo? Wapo tele. Mbio zinataka barabara, na barabara ipo kila kijiji. Upondo unataka vifaa na mwalimu, na hapo ndipo wengi wanapoishia.

Ghuba haiwezi kutoa udhuru huo, maana fedha ipo. Na damu ipo pia, kama mnaitaka hiyo. Hussain Al-Hizam wa Saudia alikuwa bingwa wa vyuo vikuu vya Marekani katika mashindano ya ndani ya ukumbi mwaka 2018, akivaa jezi ya Chuo Kikuu cha Kansas. Mwaka 2023 akachukua shaba ya Michezo ya Asia huko Hangzhou. Kijana wa Kiarabu, kwa hiyo, anaweza. Lakini tazameni alivyolazimika kuvuka bahari ili apate mashindano makali ya kila wiki.

Huku Minnesota, pamoja na theluji yetu, upondo ni sehemu ya riadha ya shule za sekondari, kwa wavulana na wasichana. Wengi hawatafika popote, na si lazima wafike. Ila yule mmoja mwenye kipaji ataonekana, kwa sababu alipata nafasi ya kujaribu.

Najua mama wa Kiswahili atasema, "Mwanangu, utavunja shingo!" Ana haki ya kuogopa, mchezo huu una hatari yake, na haufai kujaribiwa bila mwalimu. Lakini nawaomba wazazi mlioko Maskati, Doha na Abu Dhabi muulize swali moja kwenye shule na klabu za watoto wenu. Msiulize uwanja umegharimu kiasi gani. Ulizeni: siku isiyo na mashindano, godoro liko wapi, nani anafundisha, na mtoto wa miaka kumi anaruhusiwa kuligusa? Jibu la hapo litawaambia kama bingwa ajaye atakulia kwenu, au mtamtazama tena kwenye televisheni akiwa na jezi ya chuo cha watu.