Ajira za mazingira: Njukini inahitaji zaidi ya sare za KWS

KATIKA meza ya uhariri, habari za Njukini na viunga vya Taveta hufika kwa sura mbili: ama ndovu wamevamia mashamba, au mtu ameshambuliwa akitoka shambani. Ni nadra kupokea habari ya kijana wa huko aliyepata riziki kwa sababu ya ndovu hao hao.

Hali hiyo inashangaza ukitazama ramani. Mbuga za Tsavo, zilizotengwa mwaka wa 1948, zimetwaa takriban asilimia 62 ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta. Sensa ya kitaifa ya mwaka wa 2021 ilipata ndovu 36,280 kote nchini, na Tsavo ndiyo yenye idadi kubwa zaidi. Njukini yenyewe iko ukingoni mwa Tsavo Magharibi, kando ya barabara ya kutoka Taveta kwenda Illasit, si mbali na Ziwa Chala ambalo Kenya na Tanzania zinaligawana. Iwapo kuna mahali ambapo elimu ya mazingira ingepaswa kuwa njia ya kawaida ya ajira, ni hapa.

Lakini muulize kijana aliyemaliza shule kazi ya mazingira ni ipi, naye atakutajia moja tu: kuvaa sare ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Haidhuru, kazi hiyo ni ya heshima, na chuo kinachowafunza askari hao kipo Manyani, ndani ya kaunti hii hii. Hata hivyo, nafasi hizo ni za taifa zima. Hutangazwa mara moja kwa muda mrefu, nao wanaozigombea ni maelfu kutoka Turkana hadi Kwale. Kijana anayezisubiri peke yake anacheza bahati nasibu.

Ziko njia nyingine ambazo hazipigiwi tarumbeta. Sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999, iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Kusimamia Mazingira (NEMA), inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza. Iwe ni machimbo ya vito, barabara au kisima kikubwa cha kunyunyizia mashamba maji, lazima ripoti iandikwe na mtaalamu aliyesajiliwa. Ni wangapi kati ya wataalamu hao waliozaliwa Taveta? Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati mwaka wa 2016, hakiko mbali. Tatizo ni kwamba mhitimu hudhani shahada inatosha, kumbe anapaswa pia kujisajili, kulipia leseni na kufanya kazi chini ya mtaalamu mkuu kwanza. Tena hii si kazi ya mshahara wa kila mwezi. Ni ya kandarasi, na asiye na akiba hukata tamaa mapema.

Upande wa pili wa kaunti kuna funzo jingine. Mradi wa Kasigau, unaosimamiwa na kampuni ya Wildlife Works kutoka Rukinga, ulikuwa wa kwanza duniani wa kulinda misitu kupata hati za kaboni chini ya viwango vya VCS, mwaka wa 2011. Umewaajiri mamia ya wenyeji, wakiwemo walinzi na wapimaji wa miti ambao wengi wao hawakuhitaji shahada. Lakini Novemba 2023, Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya (KHRC) na shirika la SOMO la Uholanzi zilitoa ripoti iliyodai kwamba wanawake walidhulumiwa kingono katika mradi huo. Ajira ya mazingira ni ajira kama nyingine, nayo yahitaji mikataba, vyama vya wafanyakazi na mahali pa kushtaki. Kulinda miti hakumfanyi mwajiri kuwa malaika.

Mwaka huo huo Bunge lilirekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, na sasa miradi ya kaboni inayotegemea ardhi yapasa kuzipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia baada ya kuondoa gharama. Wakija Njukini na makabrasha yao, nani atayasoma kwa niaba ya kijiji? Hiyo nayo ni kazi, na ni kazi ya mtu aliyesoma mazingira na sheria.

Sagalla, karibu na Voi, wakulima wameizungushia mashamba yao mizinga ya nyuki kwa ushirikiano na shirika la Save the Elephants. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2024 ulionyesha kwamba katika misimu ya mazao, zaidi ya asilimia 80 ya ndovu waliokaribia uzio huo waligeuka. Mkulima anabaki na mahindi, na asali juu yake. Ukame unapozidi, nyuki huhama mizinga, kwa hivyo hili si tiba ya kila kitu. Lakini mafundi wa mizinga na wapakiaji wa asali wanahitajika kila msimu.

Yote haya yanarudi kwenye karo. Familia ya Njukini humsomesha mtoto kwa ndizi, mahindi na mboga, yaani kwa vitu vile vile ambavyo ndovu hula usiku mmoja. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 inatambua fidia ya mazao pamoja na ya vifo, ambayo ni Sh5 milioni, lakini malipo yamekuwa yakichelewa kwa miaka. Fidia ikichelewa miaka mitatu, mwanafunzi aliyekuwa amebakisha miwili tayari amemaliza shule, au ameiacha na kuingia kwenye bodaboda.