KARATASI YA MSHAHARA SI HATI YA UTAJIRI

Kwa Bwana Mhariri, na kwa ndugu wanachama wote,

Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kunena juu ya jambo ambalo husemwa chini kwa chini katika kila masijala, wala halijasemwa kwa sauti ya kutosha. Jambo lenyewe ni mikopo ya elimu ya juu katika nchi yetu ya Tanzania, jinsi itolewavyo na jinsi ilipwavyo. Neno langu ni moja. Mtumishi wa mshahara mdogo akiwa mdaiwa hutozwa kama tajiri. Akiwa mzazi huhesabiwa kuwa tajiri. Kosa lake katika yote mawili ni lile lile, kwamba jina lake limo katika orodha ya mishahara.

Yafaa tuanze na hesabu ya wanafunzi, maana bila hiyo shauri halieleweki. Chuo kikuu chetu cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam mwezi wa Oktoba 1961, nacho kilikuwa na wanafunzi 14 tu, wote wa sheria. Siku zile, na miaka mingi baadaye, Serikali ilimsomesha kijana na kumngojea kwa kazi. Katika miaka ya 1990 ukaja mpango wa kuchangia gharama, na vyuo vya watu binafsi na vya dini vikaruhusiwa. Mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaanza kazi, kwa sheria iliyotungwa mwaka 2004. Mwaka 2007 kikafunguliwa Chuo Kikuu cha Dodoma. Mwaka 2016 ada ikaondolewa katika sekondari hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa katika kidato cha tano na cha sita. Basi mlango wa chini umefunguliwa wote, na wanaofika mlango wa juu wanazidi. Serikali nayo haikukaa kitako: bajeti ya mikopo, iliyokuwa shilingi bilioni 464 mwaka 2020/21, ilifika bilioni 570 mwaka uliofuata. Kwa hayo twashukuru, na asiyeshukuru kidogo hashukuru kikubwa.

Lakini fedha hiyo si mana iliyoshuka kutoka mbinguni. Sehemu yake ni marejesho, na marejesho hutoka mifukoni mwetu. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha makato kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara, na hata wale waliotia sahihi mikataba yao kabla ya hapo wakaingizwa humo humo.

Tuketi tupige hesabu kama makarani. Kijana ameajiriwa kwa mshahara wa shilingi 700,000. Makato ya mkopo ni 105,000. Mfuko wa pensheni huchukua asilimia 5, yaani 35,000. Bima ya afya huchukua asilimia 3, yaani 21,000. Kodi ya mapato ni 49,000. Jumla ni 210,000, na nusu kamili ya fedha hiyo ni mkopo peke yake. Zinabaki 490,000, na hapo hajalipa kodi ya chumba, hajapanda daladala, wala hajapeleka kitu kwa mama yake kijijini. Sasa mtazame mkubwa mwenye mshahara wa 4,000,000. Yeye naye hukatwa asilimia 15, yaani 600,000, lakini linalopungua kwake ni anasa, na linalopungua kwa kijana ni unga. Asilimia ni sawa, mzigo si sawa. Zaidi ya hayo, mkubwa humaliza deni lake upesi, na mdogo huliburuta miaka mingi.

Wala si hilo tu. Mwenye mshahara hukatwa kabla fedha haijamfikia mkononi. Mwenye biashara yake, aliyesoma darasa moja na yeye kwa mkopo ule ule, sheria yamtaka alipe, lakini hakuna mhasibu asimamaye kati yake na sanduku lake la fedha. Mmoja hukamatwa njiani, mwingine hungojwa aje mwenyewe.

Sasa na tugeuke upande wa mzazi. Katika kugawa mikopo Bodi huwatanguliza yatima, wenye ulemavu, na watoto wa kaya zilizosaidiwa na TASAF. Hiyo ni haki, na mtu asinielewe kuwa napinga. Hoja yangu ni juu ya mtoto wa tarishi au wa karani, ambaye hana cheti cha kifo cha baba wala namba ya TASAF. Alicho nacho ni baba hai mwenye karatasi ya mshahara. Karatasi hiyo yaonyesha kiingiacho. Haionyeshi wadogo zake wanne walio shuleni, wala shangazi mgonjwa aliye chumba cha pili. Mtoto huyu si maskini wa kutosha kusaidiwa, wala si tajiri wa kutosha kujilipia.

Wako wasemao, "Fedha haitoshi, lazima Bodi ichague." Nakubali kuwa haitoshi. Lakini mkopo si sadaka. Sadaka huulizwa hali ya mpokeaji. Mkopo huulizwa nani atalipa. Atakayelipa ni mtoto mwenyewe, kwa mshahara wake mwenyewe, baada ya kuhitimu. Mali ya baba yaingiaje hapo? Tena wako wasemao, "Waliokopa wamefaidi, na walipe." Nani amekataa kulipa? Dawa ya deni ni kulipa, nasi hatuombi kusamehewa. Twaomba kulipa na kuishi.

Wala mtu asituambie kuwa kunena ni kazi bure. Zamani deni liliongezwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha. Mwenye deni la shilingi 8,000,000 aliongezewa 480,000 kwa mwaka, hata akiwa bado azunguka na bahasha akitafuta kazi. Wafanyakazi walilalamika mwaka baada ya mwaka, na siku ya Mei Mosi 2021, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kuiondoa. Lililoondolewa kwa kusemwa lilikuwa zito kuliko haya tuyaombayo leo.

Basi napendekeza chama kipeleke mambo matatu mbele ya wakubwa. Kwanza, makato yawe ya ngazi: mwenye mshahara mdogo arudishwe kwenye asilimia 8, na asilimia 15 ibaki kwa mwenye nafasi. Pili, wadaiwa walio nje ya orodha za mishahara watafutwe kwa bidii ile ile tutafutwayo sisi, maana fedha yao ndiyo itakayowatosha watoto walioachwa. Tatu, mzazi mwenye mshahara mdogo ahesabiwe pamoja na idadi ya wanaomtegemea, si kwa karatasi yake peke yake.

Ndugu zangu, sisi ndio tuandikao majalada ya nchi hii na kuyatunza. Ni aibu jalada letu wenyewe likikaa bila kuandikwa. Kila tawi lilete maoni yake kwa maandishi, yenye hesabu za kweli na si manung'uniko matupu, ili viongozi wetu wawe na la kushika mkononi wakiitwa.

Wasalaam,
Mimi ni Mwanachama Mwenzenu