Filamu Kongwe ya Vita na Mtazamaji wa Taita Taveta

Filamu ya vita inayosimulia uvamizi wa kihistoria huhukumiwa na watazamaji kwa mizani isiyolingana, kwa kuwa wapo wanaoipima kwa ustadi wa waigizaji na mvuto wa kisa, wapo wanaoipima kwa usahihi wa tarehe, sare na silaha, na wapo wanaouliza ni nani aliyeachwa nje ya picha. Katika Kaunti ya Taita Taveta mabishano hayo yana uzito wa pekee, kwani Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia vilipiganwa katika ardhi yake. Tarehe 15 Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kutangazwa Ulaya, kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Tom von Prince kilivuka mpaka na kuiteka Taveta, na Waingereza hawakuirudisha mikononi mwao hadi Machi 1916. Hata hivyo, filamu iliyovitangaza vita vya Afrika Mashariki duniani kuliko nyingine yoyote haimwonyeshi mtazamaji Taveta wala Voi. Filamu hiyo ni The African Queen, iliyoongozwa na John Huston na kupigwa picha nchini Uganda na Kongo mwaka 1951, kutokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935.

Kisa chake kinajulikana. Mmisionari wa kike wa Kiingereza, aliyeigizwa na Katharine Hepburn, anafiwa na kaka yake baada ya askari wa Kijerumani kuivamia misheni yao, kisha anamshawishi nahodha mlevi wa boti chakavu, aliyeigizwa na Humphrey Bogart, wateremke mtoni hadi ziwani ili wailipue manowari ya Wajerumani. Bogart alipata Tuzo ya Oscar kwa uhusika huo, na ni vigumu kumlaumu mtazamaji anayeipenda filamu kwa sababu hiyo, maana wawili hao wanaibeba kwa ucheshi na ubishi ambao haujachuja kwa miongo saba.

Kundi la pili la watazamaji, yaani wale wanaoshika kalamu na kuhesabu makosa, lina kazi rahisi. Ni kweli kwamba Waingereza walisafirisha boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, hadi Ziwa Tanganyika chini ya uongozi wa Geoffrey Spicer-Simson, na kwamba boti hizo ziliiteka meli ya Kijerumani iliyoitwa Kingani mnamo Desemba 1915 na kuizamisha Hedwig von Wissmann mnamo Februari 1916. Lakini meli kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, haikulipuliwa na wapenzi wawili wenye torpido za kujitengenezea. Ilizamishwa na Wajerumani wenyewe karibu na Kigoma mnamo Julai 1916, ikaibuliwa na Waingereza mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 ikawabeba abiria kwa miongo mingi kwa jina la Liemba. Masahihisho ya aina hii yana faida yake, ila yanachosha upesi, kwa kuwa yanamrekebisha msanii katika jambo ambalo hakuahidi kulitimiza.

Wapo pia watazamaji wenye mamlaka, ambao hukumu yao hubadilika kulingana na siasa za wakati wao. Mwaka 1934 Ujerumani ilitoa filamu iliyoitwa Die Reiter von Deutsch-Ostafrika, inayohusu walowezi na wanajeshi wa Kijerumani katika vita hivi vya Afrika Mashariki. Utawala wa Kinazi uliipiga marufuku baadaye kwa kuona kwamba haikuwachukia Waingereza vya kutosha, na baada ya mwaka 1945 madola yaliyoshinda yakaipiga marufuku tena kwa kuona kwamba inatukuza vita. Wote waliohukumu walibishana juu ya Mjerumani na Mwingereza, na hakuna aliyejali jinsi Mwafrika alivyochorwa ndani yake.

Jambo ambalo makundi haya yote yanalipita haraka ni dakika za mwanzo za The African Queen. Filamu inaanza kanisani, ambako wanakijiji wanaimba wimbo wa dini kwa makelele yasiyo na mpangilio ili mtazamaji wa Ulaya na Marekani acheke, na kicheko hicho ni dharau isiyohitaji kutetewa. Muda mfupi baadaye askari wanafika, wanachoma nyumba na kuwaswaga wanakijiji kwa nguvu. Baada ya hapo wanakijiji hawaonekani tena. Filamu inageukia mto, mapenzi na torpido, na mtazamaji hasumbuki kuuliza walipelekwa wapi. Kwa mkazi wa Taita Taveta swali hilo ndilo lenye maana kuliko yote, kwa sababu tukio hilo la pembeni linafanana na historia ya eneo lake kuliko boti na manowari.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Kasigau, mlima ulio kusini mashariki ya Voi. Mwaka 1915 Wajerumani waliitwaa ngome ya Waingereza iliyokuwa hapo, mahali palipowafaa kuitishia Reli ya Uganda, na serikali ya kikoloni ya Uingereza ikawashutumu wenyeji kwamba walishirikiana na adui. Mnamo Agosti mwaka huo watu wa Kasigau walihamishwa kwa nguvu hadi Malindi, ambako wengi walikufa kwa maradhi, na waliosalia hawakuruhusiwa kurejea mlimani kwao hadi miaka ya 1930. Hapa ndipo filamu inapopotosha zaidi kuliko katika suala la meli, kwa kuwa inamwonyesha mtazamaji kwamba kuvunja makao ya watu ulikuwa ukatili wa upande mmoja, ilhali katika Taita Taveta mtu angeweza kuvamiwa na Mjerumani na kisha kuadhibiwa na Mwingereza kwa sababu ya uvamizi huohuo.

Pengo la pili ni la wapagazi, yaani wanaume waliochukuliwa, wengi wao kwa kulazimishwa, ili wabebe chakula, risasi na majeruhi mahali ambapo hapakuwa na reli wala barabara. Reli ya kijeshi iliyojengwa kutoka Voi kupitia Maktau hadi Mbuyuni iliwafikisha wanajeshi karibu na kilima cha Salaita, ambako Waafrika Kusini walirudishwa nyuma tarehe 12 Februari 1916, na kisha kwenye vilima vya Latema na Reata mwezi uliofuata. Mbele ya hapo jeshi lilitegemea mabega ya watu. Kumbukumbu rasmi za Waingereza zinataja zaidi ya wapagazi 40,000 waliokufa, na wanahistoria wengi wanaamini kwamba idadi hiyo ni ndogo kuliko ukweli. Makaburi ya wanajeshi yaliyo Voi, Maktau na Taveta yanatunzwa vizuri, lakini tume inayoyasimamia, yaani Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ilikiri katika ripoti ya mwaka 2021 kwamba angalau watu 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au huenda hawakukumbukwa kabisa. Filamu ya mwaka 1951 iliwasahau wapagazi kwa namna ileile walivyosahauliwa na wachonga mawe ya makaburi, na ni haki kusema kwamba kosa la wachonga mawe ni kubwa zaidi.

Kuna wanaojibu kwamba filamu haikukusudiwa kuwa kitabu cha historia, na kwamba anayetaka ukweli asome. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama watu wengi wangesoma. Watalii wanaopelekwa kutazama mahandaki ya Maktau na Salaita huja na picha ambazo sinema imekwisha kuwapa, kama vile wengine wanavyomjua Denys Finch Hatton, aliyekufa ndege yake ilipoanguka Voi mwezi Mei 1931, kwa sura ya Robert Redford katika Out of Africa. Mwongoza watalii asiye na simulizi nyingine hulazimika kuuza hiyohiyo, na historia ya wenyeji hubaki kuwa maelezo ya ziada.

Kuipiga marufuku au kuipuuza The African Queen hakungesaidia. Inafaa ionyeshwe katika shule na vyuo vya kaunti hii, na isimamishwe kwa mjadala pale kijiji kinapochomwa, wanafunzi waulizwe wanakijiji wale walikwenda wapi, kisha wasomewe habari za Kasigau. Kazi kubwa zaidi inawahusu watengenezaji filamu wa Kenya na serikali ya kaunti, ambao wana kisa kilicho tayari chenye uvamizi, uhamisho, vifo na marejeo. Wazee waliosimuliwa habari hizo na wazazi wao waliorudi kutoka uhamishoni wamepungua sana, kwa hiyo sauti zao zirekodiwe kwanza, hata kabla ya fedha za filamu kupatikana.